Mzinga Mtupu Mtini: Kisa cha Anwani ya Chambo Tabora

Barua pepe iliyotuzindua ilikuwa imekaa kwenye folda ya taka siku kumi na tisa. Ilitoka kwa mnunuzi wa nta wa Ujerumani, ilikuwa na aya tatu fupi, na ilichoomba hakikuwa kikubwa: sampuli ya kilo moja na bei kwa tani. Katibu wa ushirika aliiona kwa bahati tu, akitafuta risiti ya umeme iliyompotea. Aliponipigia hakuanza na salamu, na kwa mama yule hilo peke yake ni habari. "Fundi," alisema, "hiki kichujio chako kinachuja taka au kinachuja riziki?"

Kichujio hicho nilikuwa nimekifunza mwenyewe, kwa mtego nilioutega mwenyewe, na kwa miezi kadhaa nilikuwa najisifu nao. Programu haikuharibika. Ilijifunza barabara kile nilichoifundisha, ila nilichoifundisha hakikuwa kutambua taka. Nilikuwa nimeifundisha kutambua Kiingereza.

Ushirika siutaji jina. Ni wa wafugaji nyuki, mizinga yao mingi iko kwenye miombo ya upande wa Sikonge na Uyui. Ofisi iko Isevya, Tabora mjini: vyumba viwili na ghala linalonukia nta hata ukiwa barabarani. Wana domeni yao na anwani tano, ya katibu, ya mwenyekiti, ya mhasibu, ya mauzo na ya ghala. Barua zinapitia seva ndogo tuliyoikodi nje ya nchi, na mlangoni pa seva hiyo nimeweka SpamAssassin, programu ya bure ya kuchuja taka iliyoanza mwaka 2001 na inayotumika hadi leo kwenye seva nyingi ndogo kama yetu.

Shida ilianzia kwenye bando. Katibu husoma barua kwa simu. Kila asubuhi simu yake ilivuta vidonge vya nguvu za kiume, urithi wa mjane wa jenerali, na ankara za kampuni asizozijua zilizobeba mafaili mazito, na bando la wiki likawa linaisha Jumatano. Anwani ya mauzo ndiyo iliyokuwa imeoza zaidi, maana ilibandikwa wazi kwenye tovuti ya ushirika tangu siku ya kwanza. Karibu taka zote zilikuwa kwa Kiingereza, chache kwa Kirusi na Kichina. Kwa Kiswahili sikuiona hata moja. Jambo hilo nililiona kwa macho nikalipita, na ndilo lililokuja kunirudia.

Nilipokwenda kuomba ruhusa nilimkuta mwenyekiti uani akikagua ndoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umeleta bili au habari?"

Nikamweleza: nataka kufungua anwani ya sita, ambayo haitatumiwa na mtu yeyote. Tuiache mahali ambapo wezi wa anwani wataiokota, watujazie taka, na taka hizo ziwe mwalimu wa kichujio. Nilijiandaa kwa maswali ya nusu saa. Mzee alicheka tu. "Kumbe unatundika mzinga mtupu."

Kwa msomaji asiyetoka kwenye asali: mfugaji wa miombo hanunui nyuki. Huchonga mzinga wa gogo au wa gome, huupaka nta ndani, huutundika mtini na kwenda zake. Kundi linalohama likisikia harufu ya nta huingia lenyewe. Mzee aliongeza neno ambalo siku ile nililichukulia kuwa mazoea ya wazee: "Ila ukishautundika huchagui anayeingia. Mimi nimeshakuta hadi mjusi kalala humo."

Huko nje wataalamu huuita mtego wa namna hii chungu cha asali. Kwa watu wa Tabora jina hilo ni la kuchekesha, kwani asali huja mwisho wa kazi. Kinachomvuta nyuki ni nta. Lakini jina limeshika, na mwaka 2004 ulianzishwa mradi mzima ulioitwa Project Honey Pot, ukiwapa wenye tovuti wa nchi mbalimbali kurasa za mtego zenye anwani za chambo, ili ijulikane ni boti gani, yaani programu zinazozurura zenyewe mtandaoni, huvuna anwani na ni nani huzitumia baadaye.

Chambo chenyewe ni rahisi kupita unavyodhani. Unaandika anwani ndani ya ukurasa wa tovuti kwa namna ambayo macho ya binadamu hayaioni, kwa mfano maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe, lakini boti inayosoma msimbo wa ukurasa inaikuta. Mteja wa kweli hawezi kuiandikia kwa sababu hajawahi kuiona. Kwa hiyo chochote kinachoingia humo ni taka, huna haja hata ya kukisoma. Kwamba boti huokota kweli, hilo lilishapimwa zamani. Mwaka 2002 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitega anwani mpya 250 katika sehemu 175 za intaneti. Kati ya zile zilizowekwa kwenye kurasa za tovuti na majukwaa ya majadiliano, asilimia 86 zilipata taka.

Yangu ilikaa wiki mbili bila kitu. Wiki ya tatu wakaanza kuingia mmoja mmoja, kama skauti wa nyuki wanaokagua tundu, halafu kundi zima.

Jinsi kichujio kinavyosoma

Hapa inabidi niingie jikoni kidogo, maana kosa liko humo.

Kichujio cha aina hii hakijui maana ya neno lolote. Kinahesabu. Ukikipa rundo la barua taka na rundo la barua njema, kinajiuliza kwa kila neno: hili nimelikuta mara ngapi upande ule, mara ngapi upande huu? Barua mpya ikija, kinakusanya ushahidi wa maneno yake na kutoa uwezekano. Hesabu yake inaitwa kwa jina la Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza ambaye andiko lake juu ya uwezekano lilichapishwa mwaka 1763, yeye akiwa ameshafariki. Aliyeifanya ipendwe kwenye barua pepe ni Paul Graham, Mmarekani mtunga programu, kwa makala yake ya Agosti 2002. Kuna kitu ndani ya makala ile ninachokipenda sana: aligundua kwamba "ff0000", yaani msimbo wa rangi nyekundu kali, ulikuwa ushahidi mzito wa taka sawa na maneno ya ngono. Mtu anayeandika sheria kwa mkono asingeliwaza hilo. Hesabu iliona.

SpamAssassin haimwamini Bayes mpaka imeonyeshwa barua taka 200 na njema 200. Chini ya hapo anakaa kimya. Baada ya hapo, akiwa na hakika ya juu kabisa kwamba barua ni taka, anaipa alama 3.7 kwa mipangilio ya kawaida, na barua ikifikisha 5 inahesabiwa taka. Kwa hiyo peke yake hatoshi, lakini hahitaji msaada mkubwa. Barua kutoka seva isiyosajiliwa jina vizuri, au iliyopambwa rangi rangi, vijialama viwili vitatu vinamfikisha.

Taka 200 nilizipata haraka kutoka kwenye chambo. Barua njema nilizichukua kwenye kikasha cha katibu na cha ghala: taarifa za wanachama, kilo zilizopokelewa, mialiko ya mikutano, malalamiko ya mizani. Zote Kiswahili. Wakati huo sikuona tatizo. Barua za ofisi ya Tabora zitakuwa kwa lugha gani nyingine?

Hapo katibu aliniuliza swali zuri ambalo mafundi wengi hatuulizwi: "Kwa hiyo wewe umekaa unasoma barua zetu?" Nilimjibu kwamba programu huhifadhi maneno kwa alama fumbo, huwezi kufungua hifadhi yake ukasoma barua ya mtu. Ni kweli, lakini halikuwa jibu kamili, kwa sababu aliyezichagua zile barua alikuwa mimi, na nilizichagua kwa kuzifungua. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hilo lina uzito wake. Siku hizi anayechagua ni katibu.

Tamaa

Chambo kilipoanza kujaa nikapata tamaa. Niliona boti hazingoji kuokota tu, zinabahatisha pia: zinatuma kwa admin, kwa info, kwa majina yoyote ya kawaida mbele ya domeni. Nikasema, kwa nini nizikatae? Nikafungua wavu mpana: barua yoyote inayokuja kwa jina lisilokuwepo kwenye domeni yetu iingie chamboni, ifundishwe kuwa taka, kisha ifutwe, yote bila mkono wa mtu.

Ndani ya wavu ule akaingia mjusi wa mzee. Zamani ofisi ilikuwa na anwani ya karani. Karani alistaafu, anwani ikafutwa, lakini wanachama wa Urambo na Kaliua hawakupewa taarifa, wakaendelea kuandika huko. Wengine walikosea herufi, "kaitbu" badala ya katibu. Mwanachama mmoja alituma taarifa ya madebe yake mara tatu. Mara zote tatu kichujio changu kilifundishwa kwamba mtu huyu, anwani yake na maneno yake, ni taka. Alipokuja kupata anwani sahihi, barua yake ya nne ikaenda moja kwa moja kwenye folda ya taka. Alifika mwenyewe ofisini kwa basi, na hasira yake ilikuwa halali.

Watu wanaotunza mitego kwa makini hawageuzi anwani iliyokufa kuwa chambo siku hiyo hiyo. Huiacha ikatae barua kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka mzima, ili kila mwandishi wa kweli arudishiwe barua yake na kujua. Nililijua hilo. Nilikuwa na haraka.

Kosa hilo lilionekana mapema na wavu nikaufunga. Sasa jina lisilokuwepo linakataliwa mlangoni kwa msimbo 550, na aliyetuma anaarifiwa hapo hapo. Nilidhani nimemaliza. Lile kubwa lilikuwa bado linakua polepole, na halikuhusu wavu.

Kichujio kilichojifunza lugha

Barua ya Mjerumani niliipitisha tena kwenye programu nikiiamuru inieleze ushahidi wake neno kwa neno. Yaliyomtia hatiani yalikuwa "kindly", "payment", "regards", "samples". Maneno ya mfanyabiashara yeyote duniani. Lakini kwenye hifadhi yetu, kila Kiingereza kilichowahi kuonekana kilitoka chamboni, na kila kilichokuwa njema kilikuwa Kiswahili. Mpaka uliokuwa wazi zaidi kati ya marundo yale mawili haukuwa wizi na uaminifu. Ulikuwa lugha. Hesabu ikafuata mpaka ulio wazi, kama ilivyo kazi yake.

Kisha nikajaribu upande wa pili. Nikaandika barua ya kitapeli kwa Kiswahili safi, ya kushinda bahati nasibu na kuombwa ada ya usajili, nikaituma kutoka nje. Ikapita mlangoni kama mgeni wa heshima. Maneno yaliyoitetea yalikuwa "kwa", "hii", "yetu". SpamAssassin huruka maneno ya kawaida ya Kiingereza, kama "this" na "have", kwa kuwa hayathibitishi chochote. Ya Kiswahili haikuwa ikiyaruka. Yenye herufi mbili, kama "ya" na "na", hayahesabiwi kwa ufupi wake, lakini "kwa" linahesabiwa, na kwetu "kwa" lilikuwa limegeuka cheti cha tabia njema.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kuliona likijadiliwa, nalo linatuhusu sisi wenye lugha hii. Kwa kichujio, neno ni umbo. Mwingereza akiandika "send" leo na kesho, ni neno lile lile, limehesabiwa mara mbili. Mimi leo nimeandika "nimetuma", kesho "tumetuma", keshokutwa "hamjatumiwa", halafu "atawatumia". Msomaji anaona tuma moja ikibadilisha nguo. Kichujio kinaona wageni wanne, kila mmoja amekuja mara moja, hakuna anayejulikana vizuri. Vitenzi vyetu, ambamo ndimo mna kazi yote ya sentensi, vinatawanyika kama mtama uliomwagika. Yanayobaki na nguvu ni majina yasiyobadilika, asali, nta, debe, na hivyo viunganishi vya kijinga.

Mbaya zaidi ni maneno marefu. Neno likizidi herufi 15, programu hii hubakiza saba za mwanzo tu na kutupa mengine. Kwa Kiingereza si hasara, maana maneno marefu hivyo ni machache na mwanzo wake huwa na maana. Kwetu mwanzo wa kitenzi ni viambishi, mzizi uko nyuma. "Tutakapowapelekea" linabaki "tutakap". "Tutakapowasilisha" nalo linabaki "tutakap". Kupeleka na kuwasilisha vimekuwa neno moja lisilo na maana, na mzizi uliotupwa ndio uliokuwa umebeba habari.

Halafu kuna ufinyu wa ghala. Kwa mipangilio ya kawaida hifadhi hubeba vipande 150,000 hivi, na ikijaa, vilivyokaa muda mrefu bila kuonekana hutolewa. Chambo changu kilikuwa kinamwaga takataka usiku na mchana, kila barua na misimbo yake ya ajabu ajabu isiyojirudia. Barua za wanachama ni chache, na nyingi huja kwa msimu, wakati wa kulina. Nadhani unaona nani alikuwa anamsukuma nani nje ya ghala.

Kurudi mwanzo

Programu ina amri ya kusahau barua iliyofundishwa kimakosa. Inahitaji barua yenyewe, nami nilikuwa nafuta kila nilichokwisha kufundisha ili kuokoa nafasi ya diski. Kwa hiyo ilibidi nifute hifadhi yote. Nilimwambia katibu kwamba kwa wiki kadhaa taka zitarudi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bora nifute mimi kwa mkono kuliko kufutiwa mteja."

Safari hii tulianza na barua njema. Katibu alichimba miaka ya nyuma akatoa kila barua halali ya Kiingereza: wanunuzi, mawakala wa usafirishaji wa Dar es Salaam, maswali ya maabara, hata majibizano ya bei yaliyoishia patupu. Zilipita mia mbili. Mimi nilikuwa nimejiaminisha kwamba ofisi ya Tabora haiandikiani Kiingereza. Nta ya Unyamwezi imekuwa ikivuka bahari tangu enzi za Mjerumani; ilikuwaje nikadhani wanunuzi wanaandika Kiswahili?

Chambo nacho hakimwagi tena moja kwa moja kwenye kichujio. Mara moja kwa wiki napitia kilichoingia, naondoa nakala za barua ile ile, nafundisha kiasi kinacholingana na barua njema za wiki hiyo, na mengine nayaacha. Wanunuzi wanaojulikana wako kwenye orodha ya wanaoaminika. Folda ya taka katibu huifungua kila Jumatatu, na hilo hakuna programu itakayomwondolea.

Kilichobaki kigumu ni taka za Kiswahili. Huwezi kufundisha usichokuwa nacho, na matapeli wetu hawahangaiki na barua pepe: wako kwenye simu, kwenye ile "hela tuma kwenye namba hii", ndiyo maana TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, wakaweka namba 15040 ya kuwaripoti. Bayes wa seva yangu hawafikii huko. Lakini nilikuwa na wasiwasi kwamba siku wakihamia kwenye barua, zitapita kama ile ya majaribio. Basi nikahamisha chambo. Cha kwanza kilikuwa chini ya ukurasa wa Kiingereza unaoelezea ushirika kwa wageni. Cha pili nikakiweka kwenye ukurasa wa Kiswahili wa bei za asali na matangazo ya zabuni, mahali ambapo mvunaji wa anwani za Watanzania angepita.

Kilikaa kitupu muda mrefu, nikaacha hata kukitazama. Juzi, kwenye ukaguzi wa wiki, nikakuta barua moja: "Mpendwa mmoja, natumai barua pepe hii inakupata vizuri. Sisi ni kampuni ya mkopo ya kweli, tunatoa mkopo bila dhamana." Kiswahili cha mashine, hakuna Mswahili anayesalimia hivyo, lakini ni Kiswahili, na ni taka. Nilitoka mbio na simu mkononi kumwonyesha mwenyekiti. Aliisoma yote taratibu, akanitazama nilivyokuwa nachekelea.

"Wameingia?"

"Mmoja tu, mzee."

Akanirudishia simu. "Skauti huyo. Usiuguse mzinga kwanza."